Beti za Chirau

Msambweni, Jumatatu, 13 Aprili 1953

Jana Mwalimu Abdurahman alileta daftari hili la jalada jeusi, pamoja na chupa ya wino. Ni la kuandikia utenzi wa kaka yangu Mwero. Utenzi nitauandika kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia. Haya yangu nayaandika kuanzia upande wa pili, kwa herufi za Kizungu alizonifundisha mume wangu tulipooana. Sijui tutakutana wapi katikati.

Kwa kuwa ukurasa ni mpya, niandike sisi ni nani. Mimi ni Biasha. Mume wangu Chirau alifia Bama, kwenye vita vya Mjapani, Agosti mwaka wa arubaini na nne. Barua ya jeshi ilifika baada ya miezi saba. Ilisema amefariki akiwa kazini. Kaka yangu Mwero alikuwa kikosi kimoja naye. Alirudi mwaka wa arubaini na sita bila vidole vitatu vya mkono wa kulia. Akatukalisha chini, mimi na mavyaa wangu Bi Mbodze, mama yake Chirau, akasema, "Risasi moja. Hapa." Akagusa kifua chake. "Hakuhisi kitu." Tangu siku hiyo hajasema jingine kuhusu vita. Tunakaa nyumba moja sote watatu. Mwero hakuoa.

Sasa Mwalimu anasema tarehe mbili Juni Malkia mpya atatawazwa huko Uingereza, na hapa kutakuwa na sherehe uwanjani. Waliokwenda Bama watavaa nishani zao, na utasomwa utenzi wa kuwasifu. Kabla ya vita Mwero ndiye aliyekuwa akitunga nyimbo za arusi za mji huu. Nilidhani atakataa. Mwalimu alipoanza kuaga, ndipo akasema, "Nitatunga. Lakini Biasha ndiye atakayeandika."

Jumatano, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tumepanda mpunga bondeni, mimi na Bi Mbodze. Hakuna beti.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Hakuna beti.

Jumamosi, 18 Aprili

Ameanza. Alikaa kitandani chumba cha mbele akiuelekea ukuta, macho kayafumba, anahesabu mizani kwa vidole. Ana vidole saba. Mizani ya nane huipiga gotini.

Naanza kwa jina lake,
Mola hana mwenza wake,
nisimulie niweke
yaliyokuwa vitani.

Nilimwuliza, "Kaka, mbona miaka yote hii hukutusimulia, na leo unasimulia kwa utenzi?"

"Kwa maneno matupu siwezi," akasema. "Nikianza sitajua pa kusimama. Huu una mizani. Mstari ukifika mwisho, na mimi nanyamaza."

Beti sita. Kisha akalala mchana kutwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Beti tisa. Zote ni mvua. Nyumba inavuja upande wa jikoni, nimeweka sufuria.

Mvua haikutupisha,
ilinyesha ikinyesha,
miguu ikaozesha
ndani ya buti majini.

Niliandika nikisikia tone la sufuriani na tone la Bama, yote mamoja. Nikamwuliza kama ni kweli miguu inaoza mtu akiwa hai. Akasema, "Soksi ukiivua, inatoka na ngozi." Alisema kama mtu anayekueleza bei ya dagaa. Nikachovya kalamu tukaendelea.

Ruba walitushukia,
mitini wakaachia,
shingoni wakaingia
tukiwa usingizini.

Ijumaa, 24 Aprili

Mwalimu amekuja baada ya sala kutazama kazi imefika wapi. Yeye na Mwero walikaa barazani, mimi nikasoma nikiwa ndani ya mlango. Beti ishirini na nane. Nilipomaliza, Mwalimu alikohoa.

"Ndugu yangu Mwero, mizani sawa, vina sawa. Lakini simba yuko wapi?"

"Simba gani?"

"Shujaa. Askari hufananishwa na simba, na radi. Panga zimete, farasi wapige kwato. Watu wamezoea kusikia hivyo. Wewe umetia ruba. Umetia soksi. Umetia mtu anayejinyea huku anatembea!"

"Simba sikumwona, Mwalimu. Ruba niliwaona."

"Mtunzi si lazima aone."

"Wale wa zamani waliotia simba na radi," Mwero akasema, "walikwenda vitani au walikaa nyumbani?"

Mwalimu akafikiri. "Sijui," akasema. Ni mtu mkweli Mwalimu Abdurahman, ndiyo maana watu wanamheshimu. Alikwisha kuvaa viatu aliposema tena, bila kumtazama mtu, "Mwanangu Rai anataka kujiandikisha kwa Keya, jeshi la Mwingereza. Wanatafuta vijana wa kwenda bara, kwenye hayo mapigano ya msituni. Ana miaka kumi na tisa, anaitaka ile kofia." Akasimama kidogo. "Basi endelea hivyohivyo. Simba muache."

Jumatano, 29 Aprili

Leo ni habari ya mtu aliyemwua. Sikujua kwamba aliua mtu. Au nilijua, maana alikwenda vitani na bunduki, lakini sikuwahi kuliweka neno hilo karibu na jina lake.

Niliyemuua mimi
alikuwa hasimami,
mbavu nje na hatazami,
mchele u mfukoni.

"Alikuwa na bunduki?" nikauliza.

"Ilikuwa kando yake. Hakuwa na nguvu ya kuiinua. Sisi hatukujua. Nilipompekua nikakuta mchele mbichi, konzi moja. Hakuwa na kitu kingine, wala karatasi wala picha."

"Ukaufanyaje?"

"Tuliula."

Alasiri Bi Mbodze alinipa kikapu cha mbegu tuzibe mapengo ya mpunga ulioliwa na ndege. Nilitia mkono kikapuni nikauacha humo muda. Kisha nikapanda.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua imevunja kingo za bonde. Tumezijenga upya kwa majembe, sote watatu. Hakuna beti.

Jumanne, 5 Mei

Utenzi umefika Agosti. Najua kinachokuja: risasi moja, kifuani, hakuhisi kitu. Nimeisikia miaka saba, haitanishtua. Lakini Mwero hatungi. Anakaa kitandani, anahesabu, anaacha. Jana hivyo, leo hivyo. Chakula anakigusa tu.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Hakuna beti.

Alhamisi, 7 Mei

Hakuna.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi, Bi Mbodze akiwa chumba cha ndani anachambua kunde, Mwero aliniita. "Biasha, andika usisimame. Ukisimama nitasimama na mimi." Akageukia ukuta.

Chirau alichakaa,
kuhara damu na njaa,
chini ya mti kakaa,
kaegemea shinani.

"Shemeji, usiniwache,
ngoja angalau kuche,
na mvua kwanza iwache."
Nilimjibu: "Amini."

Siku nne zilifika
tulipokwisha geuka,
yupo pale, hajanuka,
macho yangali njiani.

Sikusimama. Niliandika mpaka nukta ya mwisho, nikapuliza wino ukauke. Kisha nikamwuliza, "Risasi iko wapi?"

"Hapakuwa na risasi."

"Nani alimwacha?"

"Koplo alisema wasioweza kutembea wakae kando, wachukuzi wa wagonjwa wako nyuma, watawabeba. Walikuwa watatu chini ya mti ule. Wale wawili walikuwa hawasemi tena."

"Na wachukuzi walikuwa wakija?"

"Koplo alisema hivyo."

"Wewe ulijuaje?"

"Tuliwapita asubuhi ile. Wao wenyewe walikuwa wamelala matopeni. Nilijua hawaji. Na Chirau alijua kwamba najua. Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikugeuka nyuma."

"Alikuwa na maji?"

"Mvua ilikuwa ikinyesha."

"Hajanuka. Maana yake nini?"

Hapo alinitazama, mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii. "Kule mtu akifa hunuka siku hiyohiyo."

Nikahesabu. Walirudi siku ya nne. "Basi alingoja siku tatu."

"Tatu," akasema. "Labda na nusu."

Niliziba chupa ya wino. Nikaenda jikoni nikapika muhogo, tukala. Bi Mbodze alisema leo mchuzi umekuja vizuri. Alasiri nilikwenda bondeni nikapalilia safu nne. Naandika haya kabla ya magharibi. Mkono hautetemeki. Nimeutazama.

Jumapili, 10 Mei

Mvua.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Nimepalilia.

Jumanne, 12 Mei

Mwero amesema, "Zipo beti nyingine." Nikamwambia siandiki. Hakuuliza kwa nini. Chakula chake nampa Bi Mbodze ampelekee.

Ijumaa, 15 Mei

Tumefunga leo. Ramadhani imeingia na mvua yake.

Nimejaribu kumchukia kaka yangu. Nilifikiri chuki itakuja yenyewe, kama homa, lakini haiji. Naitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, napapasa tu. Namwona akichota maji ya kutawadha kwa mkono ule wa vidole viwili, na ninachokiona ni mtu anayechota maji. Chirau naye simwoni. Namwona mtu chini ya mti, lakini uso hana. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa, nikijigusa sijihisi.

Jumatatu, 18 Mei

Nimelifungua tena daftari upande wa kulia. Nilifikiri hivi: nikikataa kuandika, utenzi unaishia pale, na Chirau anabaki chini ya ule mti mpaka mwisho wa daftari. Nikamwambia Mwero, "Haya, sema." Beti kumi na moja. Mto, jipu, vidole vyake vilivyokatwa, meli ya kurudia. Hatukutazamana.

Alhamisi, 21 Mei

Leo nimedanganya, na nimekamatwa.

Baada ya alasiri tulikuwa jikoni tunatayarisha futari. Bi Mbodze alikuwa akikuna nazi. Akasema, "Biasha mwanangu, siku za sherehe zinakaribia. Nisomee pahali alipotajwa mwanangu. Nisije nikasikia mara ya kwanza mbele za watu."

Yeye hasomi. Nikaleta daftari, nikafungua ukurasa wowote, nikautazama kama anayesoma. Ubeti niliutunga palepale. Sikujua kwamba naweza.

Chirau simba wa nyika,
bunduki aliishika,
shahada akatamka,
roho ikenda peponi.

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Ni mzuri," akasema. "Umetungwa na nani?"

"Na Mwero, mama."

"Hapana. Mwero hana simba." Akaanza kukuna tena, polepole. "Kiambaza hiki ni fito na udongo, mwanangu. Siku ile nilikuwa chumba cha ndani na kunde zangu. Nilimsikia koplo. Nilisikia mvua. Nilisikia hajanuka. Na hesabu yako niliisikia."

Nililifunga daftari.

"Nimezihifadhi zile beti tatu. Nikipalilia nazisoma, nikitawadha nazisoma."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unakula," akasema. "Nikasema, huyu labda hakuelewa, nimwache."

"Na mimi nilikuona unakula."

"Nilikula, ndiyo."

Akaikung'uta mbuzi ya nazi. Kisha akasema, "Miaka saba nimewaambia watu risasi moja. Nimesema kisimani, nimesema arusini, nimesema kwenye matanga ya wenzangu, najivuna. Mtoto wangu alingoja siku tatu anatazama njia, na mimi huku nasema hakuhisi kitu. Mwambie Mwero asome kama alivyotunga. Asinitilie simba."

Akanipa tui nilichuje.

Jumamosi, 23 Mei

Nimemwambia Mwero kwamba mama anajua, na alivyosema. Alitoka akaenda bondeni bila kofia, mvua inanyesha, akapalilia mpaka karibu na kufuturu. Nilipokwenda kutazama nilikuta safu mbili ameng'oa mpunga pamoja na magugu. Nimeirudishia miche ile iliyokuwa bado na mizizi.

Alhamisi, 28 Mei

Utenzi umekwisha. Beti mia moja na arubaini.

Jumatatu, 1 Juni

Nimefua kanzu ya Mwero. Haikauki.

Jumanne, 2 Juni

Sherehe ilikuwa baada ya alasiri. Mvua ilikatika, ikabaki manyunyu. Bendera zililowa zikashikamana na milingoti. Kulikuwa na sufuria kubwa za chai, na kwa kuwa ni mfungo waliokunywa ni watoto na wageni tu. Askari wa Bama walikuwa kumi na mmoja, wamepanga mstari, nishani vifuani, wengine miguu mitupu. Bwana mkubwa aliyetoka Kwale alikaa chini ya turubali na mkalimani wake. Sisi wanawake tulikuwa nyuma yao, tumetengwa kwa pazia la makuti, lakini kuona tunaona.

Mwero alisimama mbele bila karatasi. Kanzu ilikuwa mbichi mgongoni. Alianza kwa sauti ndogo, watu wakapaza, "Hatusikii!" Akapandisha.

Kwenye ruba vijana walicheka. Nilimwona Rai wa Mwalimu akimpiga mwenzake kiwiko. Lakini wale kumi na mmoja hawakucheka. Mmoja wao, Menza, yule mnene anayeuza samaki Mwabungo, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mstari ukiisha, kama mtu anayehakikisha mzigo wake. Kwenye mchele mfukoni, kicheko kilikuwa kimekwisha. Yalisikika manyunyu kwenye turubali.

Akafika kwa Chirau. Ubeti wa kwanza akaumaliza. Wa pili akasema, "Shemeji, usiniwache," akanyamaza.

Nilidhani anavuta pumzi. Akarudia, "Shemeji, usiniwache." Akanyamaza tena. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda pajani, vinahesabu, vinaanza upya. Mwalimu Abdurahman alikuwa na nakala mkononi, akaanza kupekua, kurasa zimelowa zimegandana. Watu wakaanza kunong'ona. Mwero alikuwa akimtazama Mwalimu kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau sura yake. Nilitaka kumkumbusha. Maneno nilikuwa nayo, niliyaandika kwa mkono huu. Sauti ikakataa.

Bi Mbodze akasimama kando yangu. Alishika pazia la makuti kwa mkono mmoja, akasema, si kwa kupaza sana, ila uwanja wote ulisikia:

"Ngoja angalau kuche, na mvua kwanza iwache."

Mwero akageuka. Walitazamana, yule mama na yeye, katikati yao wako wageni na sufuria za chai.

"Nilimjibu," Mwero akasema. "Amini."

Bi Mbodze akaitikia kwa kichwa. Hakukaa. Alimsikiliza amesimama mpaka macho yangali njiani, na baada ya hapo mpaka mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana mkubwa akamwinamia mkalimani, akauliza, nami nilikuwa karibu nikasikia jibu: "Anawasifu askari, bwana." Bwana akatabasamu, akapiga makofi, basi na wengine wakapiga, ngoma ikaanza. Wakati ngoma inalia Menza alitoka kwenye mstari, akamwendea Mwero, akamshika mkono. Sikusikia wakisemezana. Walisimama hivyo tu wameshikana mikono, wanatazama chini.

Tulirudi nyumbani sote watatu kwa njia moja. Bi Mbodze alisema turudi upesi, futari haijapikwa.

Jumatano, 3 Juni

Vijana watatu wamejiandikisha kwa Keya leo. Mmoja ni Rai. Mwalimu alipita kuja kutuambia mwenyewe. "Alisikiliza mpaka mwisho," akasema. "Aliguswa, namjua mwanangu. Kisha akaniambia, 'Baba, hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna malori.'" Alisimama mlangoni akizungusha mwavuli wake. Mwero alimwambia, "Mwambie achukue soksi nyingi." Hakuwa akifanya mzaha.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua.

Jumapili, 14 Juni

Idi. Pilau ya Mwero nimempelekea mwenyewe. Akasema ahsante. Nikasema haya. Nikakaa mpaka akamaliza, nikachukua sahani.

Ijumaa, 19 Juni

Tumemsomea Chirau hitima. Ile ya kwanza, barua ilipokuja, ilikuwa ya haraka na watu walikuwa wachache, maana mwaka ule kulikuwa na njaa. Leo walijaa mpaka uani. Watu walimpa Bi Mbodze mkono wa tanzia kama msiba wa juzi. Alipokea. Kila aliyesema, "Tumesikia, mama, pole," alijibu, "Siku tatu alingoja." Wengine wakakaa tu karibu yake. Hilo lilimtosha.

Mimi sikulia. Nimechoka kulitazama hilo.

Jumanne, 23 Juni

Mvua imepungua. Mpunga umefika magotini.

Jumamosi, 27 Juni

Asubuhi amekuja mama mmoja, kanga zimemlowa umande mpaka mapajani. Ametembea kutoka Kikoneni tangu alfajiri. Alipiga hodi akasema, "Hapa ndipo kwa yule anayewajua waliofia Bama?"

Mwero alikuwa barazani. Alinyanyuka. "Ndipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Esha. Mwanangu ni Ngala. Alikuwa Keya. Barua ilisema hajulikani alipo, na mpaka leo hajajulikana. Ulimwona?"

Mwero alifikiri. Nilimwona anapita kwenye nyuso, mmoja mmoja. "Kikosi chetu hakikuwa na Ngala wa Kikoneni, mama."

"Alikuwa mrefu."

"Warefu walikuwa wengi."

"Ana mwanya hapa mbele. Akicheka unauona."

"Sikumwona, mama. Nisamehe."

Nilidhani ataondoka. Akakaa. Bi Mbodze alimletea chai na kanga kavu, akakaa naye mkekani, bega kwa bega, ingawa hawajuani. Mama Esha akanywa. Kisha akasema, "Nimesikia Chirau ametiwa kwenye utenzi. Na wangu mtie."

"Nitamtiaje, mama, na alivyokufa sijui?"

"Hata mimi sijui," akasema. "Alivyokuwa, hayo nayajua."

Mwero alinitazama. Safari hii hakugeukia ukuta. Niliingia ndani nikaleta daftari na wino, nikakaa upande wa pili wa mkeka.

"Sema, mama," Mwero akamwambia. "Sema tu, usijali vina. Biasha anaandika."

"Hakupenda pilipili," mama Esha akasema. "Hata kidogo. Akila hulia. Na alikuwa akiogopa kuku, mwanamume mzima, jogoo akimjia anapanda kitandani. Hilo usilitie. Au litie, hapana kitu." Bi Mbodze akacheka. Mama Esha akamtazama, naye akacheka. Akaendelea: jinsi alivyopenda kulala kifudifudi, jinsi alivyolivunja jembe la babake akalifukia ardhini, wimbo aliokuwa akiuimba kwa makosa. Alisema mpaka adhana ya adhuhuri. Kurasa nne. Hakuna hata mstari mmoja wa vita.

Ameondoka na kanga ya Bi Mbodze, akisema ataileta. Mwero amemsindikiza mpaka njia panda. Nimebaki na daftari mkekani. Zimebaki kurasa tatu nyeupe kati ya upande wangu na upande wake, naandika kwenye moja yao.

Chirau alikuwa akitoka juani akiingia ndani, lazima apige chafya. Mara tatu, si mbili, si nne. Kisha anacheka peke yake, anasema, "Nimefika."